Baba Alivuka Kamba Aliyoifunga Mwenyewe

Haukiranta, Finlandi
Aprili 21

Mpendwa kaka Taisto,

Habari za huko Chile? Wifi Rocío na watoto hawajambo? Na mgongo wako, umetulia? Sisi ni wazima wa mwili.

Theluji imekwisha mashambani na korongo wamerudi. Barafu ya ziwa bado ipo, lakini imekuwa nyeusi na imeoza kwa chini. Unayajua majira haya: samaki wanakula chambo kuliko wakati wowote, na barafu haiaminiki hata kidogo.

Jumatatu Baba alikwenda kuipima kama kila mwaka. Alipiga mtarimbo mara moja tu, ukazama. Basi akafunga kamba nyekundu gatini, akapita nyumba kwa nyumba kutangaza kuwa ziwa limefungwa mpaka barafu iishe. Unamjua Baba na sheria zake. Hata mimi alinigombeza, eti nimeisogelea mno kamba nikimtafuta paka!

Jumatano asubuhi nilikuwa naosha vyombo, nikachungulia dirishani. Taisto, sahani ilinidondoka. Katikati ya ziwa mtu ameketi juu ya kigoda, ametupa mgongo, anavua kwenye tundu alilotoboa barafuni. Nikamtukana kimoyomoyo huyo mgeni wa mjini asiyesikia. Kisha nikaitambua kofia. Ilikuwa ya Baba.

Nilipiga yowe mpaka jirani yetu Kauko akatoka na soksi tu miguuni. Tuliisukuma boti yake juu ya barafu huku tumeilalia ubavuni, barafu inalia chini yetu, na mara mbili mguu wangu ukatumbukia mpaka pajani. Baba anatutazama tu.

“Nyie vipi?” akauliza. “Mnanifuata na boti, mimi bibi harusi?”

“Ingia humu mzee, tutakufa!” Kauko alifoka. “Ziwa limefungwa!”

“Limefungwa na nani? Mjinga gani anafunga ziwa samaki wanakula hivi?”

“Si wewe mwenyewe, juzi tu!”

Baba alicheka sana. Kisha akanigeukia mimi, akingoja niseme kwamba Kauko anatania. Nikamwonyesha kamba nyekundu kule gatini. Kicheko kikamwishia usoni, nikaona anaogopa. Sijawahi kumwona Baba akiogopa, kaka, hata siku ile tulipomzika Mama. Akaingia botini bila ubishi, tukamrudisha nchi kavu.

Jana daktari alimpima, akatuambia waziwazi kuwa kumbukumbu yake itazidi kupotea. Bado siamini. Mtu anayelijua kila jabali la ziwa hili!

Shangazi Hilkka anakusalimu, na Kauko pia, ingawa mafua yamembana. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu awalinde na akufungulie njia ya kuja.

Nilimuuliza Baba nikuandikie nini kutoka kwake. Akafikiri kidogo, akasema: “Mwambie aje upesi. Akichelewa, itabidi ajitambulishe mlangoni.”

Dada yako akupendaye,
Aune