Foleni ya Wenye Neno Moja

Mjukuu wangu Zainaba,

Salamu zangu zikukute mzima huko Moroni. Hapa Mutsamudu hatujambo, ila mimi situlii: nakaa, nasimama, natazama simu. Mama yako amekwenda Mirontsy kutafuta samaki.

Umeniuliza, ruta yako, hicho chombo cha kupitisha mtandao, ikizidiwa na data, nani apite kwanza? Ukasema sauti hutangulizwa, mafaili mazito husubiri.

Siku zile kisiwa chetu kilipojitenga na serikali ya huko Moroni, nilikuwa naunganisha simu katika ofisi ya hapa mjini. Ya bunduki sitayasema. Laini ya Moroni ilibaki moja, tena ya kukatikakatika. Watu wakapangwa kama barazani: waliokwisha kufanya harusi kubwa ya mji, ile ya kumpa mtu cheo, mbele, wengine nyuma. Wakubwa wakazungumza hadi mate yakawakauka. Foleni ya nyuma haikusogea.

Bi Echati, muuza mihogo, akanijia dirishani. "Mwanangu yuko Mvouni, juu ya Moroni. Nataka aniambie 'nipo' tu. Hilo nalo mpaka liwe na cheo?"

Tangu hapo, kila mkubwa akimaliza, nilipitisha mmoja wa nyuma na neno lake fupi. Wakubwa walinung'unika, lakini nao walipata zamu. Bi Echati alisikia "Nipo, mama," akaketi sakafuni palepale.

Watangulize wenye haraka, mjukuu wangu, ila foleni ya mwisho nayo isogee.

Tangu mwezi uandame hujanipigia. Sina jambo la haraka, ni lile neno la Bi Echati tu. Kwako mimi niko foleni ipi?

Bibi yako, Koko