Mihuri Niliyogonga Mwenyewe

Jumatatu, 4 Agosti

Barua imekuja. Mada yangu imekubaliwa kwenye kongamano la walimu. "Maktaba Ndogo, Wasomaji Wengi: Jinsi Shule Moja Ilivyoongeza Uazimaji Mara Tatu." Kichwa hicho sikukitunga mimi, kakitunga Mkuu wa shule. Na barua kaisoma yeye, paredi nzima ikisikia. Wanafunzi wakapiga makofi. Nami nikapunga mkono — kama nani vile!

Nikarudi maktaba nikakaa. Rafu tisa, meza nne, feni isiyozunguka. Kazi yenyewe sijaanza, lakini nimechoka kama mtu aliyemaliza.

Mama watoto kasema nivae suti ya kijivu. Nikamwambia inabana.

"Basi vuta tumbo ndani. Si dakika arobaini tu?"

Jumanne, 12 Agosti

Natengeneza slaidi. Nimefika kwenye ile ya namba, nimekwama. Siku ya tatu leo. Naandika, nafuta. Mkuu kachungulia mlangoni, eti, ile grafu weka rangi, watu wanapenda rangi.

Acha niandike hapa, maana pengine pote nimeshindwa.

Miaka mitatu iliyopita ofisi ya elimu ilileta waraka: maktaba isiyotumika, chumba kichukuliwe. Daftari langu la kuazima lilikuwa na kurasa mbili tu kwa muhula mzima. Watoto walikuwa wanaingia kwangu kujikinga mvua. Shule ikafunga. Wenzangu wakaenda likizo, mimi nikaja na funguo nikajifungia. Siku nne. Nikashika muhuri wa tarehe, nikazungusha vile vigurudumu kurudi nyuma — Februari, Machi, Aprili — nikaanza kugonga. Kitabu baada ya kitabu, kwenye kile kikaratasi cha tarehe kinachobandikwa ndani ya jalada. Gonga, kausha, geuza. Kisha daftari: nikachukua orodha za madarasa nikagawa majina. Kuna mtoto alikuwa ameshahama shule, nikamwazimisha vitabu vinane! Nikaja kumfuta.

Nia ilikuwa kuokoa chumba. Hiyo ni kweli na sitaikana. Lakini sikuishia pale. Muhula uliofuata nikaogopa namba itaporomoka, nikagonga tena. Na tena. Mkono ukazoea.

Ofisi ikaichukua namba yangu ikaifanya kipimo cha shule zote. "Kama yule anaweza, nyie mnashindwa nini?"

Sasa lile ninaloliogopa. Ng'ambo ya barabara kuu kuna shule nyingine, na mkutubi wake nilisoma naye kozi ya ukutubi, dawati moja. Wanafunzi wake walimbandika jina Bi Kimya, kwa sababu hajawahi kumkemea mtoto, anamtazama tu mpaka mtoto anajikemea mwenyewe. Namba zake zilikuwa za kweli, kwa hiyo zilikuwa ndogo. Wakazilaza pembeni ya zangu. Chumba chake sasa ni stoo ya madawati mabovu, vitabu vimo kwenye maboksi. Yeye wamempeleka ofisini kuwa karani, anapokea simu.

Sijawahi kwenda kumpa pole. Nikimwona njiani nakata kona.

Jumatano, 20 Agosti

Siku ya kwanza ya kongamano. Kitambulisho nilichovishwa shingoni kimeandikwa "Mtunza Stoo." Nikamwambia binti wa mapokezi mimi ni mkutubi. Kanijibu kwa upole kwamba kwenye fomu yao kazi hiyo haimo, akachagua iliyo karibu. Haya.

Wakutubi tupo sita kati ya walimu mia nne. Tumejikuta wote meza moja, karibu na vyoo. Kila mtu anauliza mwenzake: wewe unawasilisha lini? Kama watu wanaoulizana tarehe ya kung'olewa jino.

Mmoja, mrefu, wa shule ya bweni, katuchekesha sana. "Mimi mwaka jana nilihutubia viti. Kikao kizuri mno! Hakuna aliyetoka nje, hakuna simu iliyolia." Halafu akatuelekeza, safari hii bila mzaha: wakija wachache, usisimame kule mbele kama unahutubia uwanja. Shuka. Vuta viti, kaeni duara. Wape kitu mkononi, wapokezane. Nikaandika kwenye kiganja: duara, kitu mkononi.

Kitu ninacho. Nimebeba kitabu cha nyota na sayari, jalada gumu. Kwenye slaidi yangu ndicho "kinachoazimwa kuliko vyote." Mihuri thelathini na mmoja.

Nimeangalia ratiba. Mimi ni kesho saa nane mchana, chumba namba saba, ghorofa ya juu, mwisho wa korido. Saa hiyohiyo ukumbi mkubwa kuna mada ya kupandishwa vyeo. Nani atakuja kwangu? Wenzangu wakanipa pole. Mimi ndani kwa ndani nikashukuru. Namba zangu zikisikika na viti tu, si haba.

Miaka mitatu nimepika uongo wa wasomaji wengi. Leo naombea watu sifuri. Nimekuwa mtu wa ajabu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nianzie wapi.

Chumba namba saba kina viti sitini, nimevihesabu mara mbili nikisubiri. Saa nane kamili, hakuna mtu. Saa nane na dakika tano akaingia mwalimu mmoja amebeba simu na waya. "Samahani, soketi ya hapa inafanya kazi?" Inafanya. Akakaa. Akaja mwalimu mzee wa hesabu, akachagua kiti cha nyuma kilicho kivulini, akafumba macho kabla sijasalimia. Akaja mwenyekiti wa kikao, naye kwa sababu kapangiwa. Watatu. Nikafungua kompyuta.

Mlango ukafunguka tena. Bi Kimya.

Kavaa kitambulisho kama changu. "Karani." Akakaa kiti cha kwanza kabisa mbele.

"Shikamoo" ilitaka kunitoka, na yule tumezaliwa mwaka mmoja!

Hapo ndipo ushauri wa yule mrefu uliponiponza. Kichwa kilikuwa kimeganda, mdomo ukasema wenyewe: jamani, tupo wachache, tuvute viti tukae duara. Mwenyekiti akafurahi, akamwamsha mzee wa hesabu. Yule wa simu akasogea mpaka waya ukavutika. Tukakaa magoti karibu yagusane.

Kutoka jukwaani ningeweza. Watu sitini ni vichwa tu, unaongea na ukuta wa nyuma. Lakini mtu akikaa hatua moja kutoka kwako unaona anavyopumua. Nikasema "mara tatu." Nikanywa maji. Nikasema tena, "mara tatu," nikaangalia viatu vyangu.

Na badala ya kuacha hapo, nikakumbuka kiganja. Wape kitu mkononi! Nikatoa kitabu. Nikasema hiki ndicho watoto wanakigombania, hebu pokezaneni muone mihuri.

Mzee wa hesabu akafungua jalada, akahesabu mihuri, "thelathini na mmoja, safi," akampa wa simu. Wa simu akampa mwenyekiti. Mwenyekiti akampa yeye.

Bi Kimya aliitupia mihuri jicho moja tu. Alikiweka kitabu mapajani, akakifungua katikati.

Kikalia. Kwaa! Ule mlio wa gundi ya kitabu kipya, kinapofunguliwa kwa mara ya kwanza tangu kitoke kiwandani. Mwenyekiti akacheka kidogo, bila kujua anacheka nini. Kurasa zilikuwa zimeshikana kwenye kingo. Akazitenganisha kwa ukucha, taratibu, moja, nyingine, nyingine.

Kila kitabu nilikigonga, lakini kuvifungua katikati sikukumbuka. Mkutubi mzima!

Alininyanyulia macho. Mimi ndiye niliyekuwa yule mtoto sasa.

"Kaka," akasema, "naweza kuazima?"

Mwenyekiti akapiga makofi, eti huo ndio moyo wa usomaji. Kikao kikaisha kabla ya muda. Yule wa simu akachomoa waya akanishukuru sana, imefika asilimia themanini.

Tukabaki wawili na viti vyetu vitano. Nikataka kusema, akatangulia.

"Muhuri wa kweli hukaa upande. Mtoto anakusukuma mkono, ana haraka ya kutoka. Mihuri yako imenyooka kama gwaride." Kisha akaongeza: "Miaka miwili najiuliza nilikosea wapi. Nilikuwa namuuliza hata mume wangu, kwani mimi siwapendi watoto wa watu? Kumbe sikukosea popote."

Nikasema nisamehe dada. Ikatoka ndogo, kama imetoka chini ya mlango.

"Usiniombe radhi humu. Humu tupo mimi na wewe tu." Akakitia kitabu kwenye mkoba wake akatoka.

Ningependa kuandika kwamba nilimkimbilia. Sikumkimbilia. Nilipanga viti.

Nilipotoka tu, Mkuu huyo, anapanda ngazi anahema. Kasikia habari. "Watu wanne? Aibu gani hii! Nimeshaongea na waandaaji. Kesho saa nne unarudia, ukumbi mkubwa, na afisa elimu mwenyewe atakuwepo kufunga." Kisha akaniinamia sikioni kama anayenipa zawadi: afisa ana orodha ya maktaba nyingine sita za kufungwa, anasubiri tu aonyeshe watu kwamba inawezekana, kwamba shule yetu imeweza, ili hizo nyingine zisiwe na kisingizio.

Sita. Kila moja ina mtu wake.

Jioni hii nimempigia mama watoto. Nimemwambia yote, nimesimama nyuma ya jengo kwenye matangi ya maji. Nikangoja alie au anitukane. 

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Baba watoto, ilikuwa likizo. Ulikuwa unarudi na mikono ya shati ina wino wa zambarau, na shuleni hakuna hata mtoto mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nafua."

Kwa nini hakuniuliza! Kanijibu kwamba alikuwa ananingoja nifike mwenyewe, ila hakudhani njia itakuwa ndefu hivi.

Nikamwambia wakijua, chumba kitafungwa, na mimi sijui nitapelekwa wapi. Labda nifukuzwe. Watoto wetu bado wanasoma. Akasema anajua hilo pia. Akasema suti aliipanua kiunoni kabla sijaondoka, kama sijagundua.

Sikuwa nimegundua. Nilikuwa nimevuta tumbo siku nzima.

Ijumaa, 22 Agosti

Saa tatu na nusu. Nipo nyuma ya jukwaa, kiti cha plastiki, naandikia gotini. Ukumbi umejaa. Naisikia ile sauti ya watu wengi wakitafuta pa kukaa. Miaka yote wakutubi tunalilia ukumbi uliojaa!

Bi Kimya alinifuata asubuhi kwenye foleni ya chai. Amerejesha kitabu. Kakisoma chote, jioni moja. "Ukurasa wa arobaini kuna picha ya Zohali na pete zake. Uliwahi kuiona?"

Sikuwahi. Kitabu kiko kwenye rafu yangu miaka mitatu.

Nimefungua jalada hapa. Chini ya mihuri yangu thelathini na mmoja kaandika kwa kalamu, kwa mkono: 21 Agosti. Basi. Mwandiko umepinda kidogo. Nimeitazama muda mrefu. Katika kikaratasi kizima hiyo ndiyo tarehe pekee ambayo kitabu hiki kilitoka kwangu kikaenda kwa mtu.

Kisha nimeangalia Zohali. Ni nzuri kweli.

Nimechungulia pazia. Afisa elimu yupo safu ya mbele, ana faili mapajani. Mkuu yuko pembeni yake, anatabasamu kama bwana harusi. Yule mrefu na wenzangu wanne wamekaa karibu na mlango, wananionyesha dole gumba. Bi Kimya yuko safu ya tatu, ukingoni. Hanitazami vibaya. Anatazama tu.

Bado sijainuka kwenye kiti. Si woga, au si woga peke yake. Ni uchovu wa kubeba.

Fundi wa projekta kaja anataka flashi. Nimemwambia leo siitumii.

"Mzee, watu mia nne hawa! Utawaonyesha nini?"

Nimemwonyesha kitabu. Kanitazama, kakitazama kitabu. Kaniuliza basi angalau maiki ya mkononi au ya kusimama. Nimesema ya mkononi, na kwamba sitapanda jukwaani, nitashuka kule chini walipo wao.

Mwenyekiti ameanza kunitambulisha. "...mtu aliyeongeza usomaji mara tatu..." Wanapiga makofi. Mkuu amesimama kabisa. Fundi ananikabidhi maiki, anasema tayari iko hewani, kuwa mwangalifu, hata ukipumua wanasi—