Vitofali Juu ya Karatasi ya Kaki

Mjomba wangu Shabani,

Shikamoo. Humu ndani ya bahasha kuna karatasi ya kaki imekunjwa. Usiifungue! Soma barua kwanza, maana mie tangu juzi nina habari tamu hata kula siwezi.

Unaukumbuka ule mfuko wa vitofali vya plastiki? Mama aliukuta ndani ya robota la mitumba, akakurushia pale barazani kwetu Kinondoni: "Haya Shabani, kavishone na hivi." Alicheka peke yake. Wateja wako wote walikuwa wamehamia kwenye mitumba, na muuzaji mwenyewe ndiye huyo dada yako. Cherehani yako ilikuwa imefunikwa shuka tangu Idi.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilitaka nianze kupachika papo hapo, ukanipiga kofi mkononi. "Fundi gani anakata kabla ya kuchora? Karatasi kwanza!" Ukatandika kaki, ukachukua chaki yako, ukachora duka: mlango, dirisha, pa kuweka cherehani. Duka lako wewe, fundi Shabani, ili usirudi Korogwe. Hilo ulilisema taratibu, lakini nililisikia.

Basi tukapanga vitofali juu ya mstari, vyekundu mlangoni. Ukuta ukapanda, tukafika usawa wa dirisha, vikaisha! Tukainua mkeka, tukamshuku hadi kuku wa jirani. Kisha ukaitazama karatasi, ukashika kichwa.

"Lahaula! Nimeweka nafasi ya mshono kwenye nyumba!"

Kumbe ulichora mistari miwili, kama gauni: wa ndani wa sindano, wa nje wa mkasi. Na mie nimejenga kwenye wa mkasi. Mjomba, ulicheka mpaka ukalala chini! Mama akatoka na mwiko mkononi akidhani kuna ugomvi. Tukabomoa, tukajenga kwenye mstari wa ndani, duka likasimama na paa lake. Kikabaki kitofali kimoja, chekundu. Ukakitia mfukoni. "Hiki changu. Siku duka la kweli likisimama, nakuja nacho."

Mwezi haukuisha, ukapanda basi la Korogwe. Nilikukasirikia sana, nisikufiche. Nilimwambia Mama kuwa yeye na mitumba yake ndio waliokufukuza. Lakini kila mwezi nilimwona akiifunua cherehani yako, anaitia mafuta, anaifunika tena. Watu walikuja kuiulizia, akawaambia ina mwenyewe.

Sasa sikia! Nimemaliza kujifunza ushonaji. Na kila anayenunua suruali kwa Mama anataka ipunguzwe kiuno, kila gauni linataka kukatwa urefu. Wanapanga foleni, Mjomba! Mitumba ile ile! Nashona mpaka vidole vinauma, na kazi haziishi. Mama mwenyewe ndiye aliyetamka: "Tutoboe ukuta wa chumba cha mbele, tufanye duka." Fundi mwashi anakuja Jumamosi. Halafu akasema, "Mwandikie mjomba wako. Mwambie nami namngoja." Unamjua dada yako, maneno hayo yamemtoka kwa shida.

Haya, fungua karatasi. Ndiyo, nimechora mistari miwili, najua, cheka tu! Cherehani mbili, yako upande wa dirisha kwenye mwanga, yangu nyuma yako, ili unione nikikosea.

Jumapili nililijenga kwa vitofali vyetu, nimevitunza vyote ulivyoniachia. Nilikaa mkekani na utu uzima wangu huu, Mama ananishikia paa. Duka limesimama. Limebaki tundu moja tu, la kitofali kimoja, chini ya dirisha lako. Mama alitaka kuliziba kwa kipande cha kiberiti, nikamkatalia.

Usikitume kwa mtu. Kilete mwenyewe.

Ni mie mpwao anayekungoja mlangoni,
Mwajuma