Nishani ya Baba kwenye Jiwe la Kaburi

Desanka,

Maharage yako jikoni, yapunguzie moto. Nimekimbilia mjini Čačak kwa fundi wa mawe ya makaburi.

Barua ya ofisi ya kumbukumbu imefika asubuhi. Mimi mwenyewe niliwaandikia, kimbelembele changu. Ile nishani ya ushujaa niliyowaapia ninyi nyumbani kuwa ni ya baba ina namba mgongoni, na daftari lao linasema alipewa muuguzi mmoja, Radojka. Niliinunua gulioni, hadithi nikaishona mwenyewe. Usinune, miaka thelathini uliisikiliza huku ukinimiminia pombe ya rakija.

Barua ingali mkononi, mwanao Vukašin akapiga simu: "Baba, leo fundi anaichonga nishani ya babu kwenye jiwe!" Nikajibu, "Hongera, mwanangu." Nimenasa kwenye mtego niliotega mwenyewe.

~~Akipiga tena, mwambie fundi anaumwa.~~ Mwambie ukweli. Mimi kimya chake sitakiweza.

Nishani usiiguse, ina mwenyewe.

Baba alikuwa mpishi wa kikosi, na hakuna aliyemfia kwa njaa. Kama patasi haijagusa jiwe, nitaomba wamchongee sufuria.

Mumeo, mwongo wako