Zahoro, Askari Aliyevunja Kiapo

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu na Bibi anakula vizuri. Mimi mzima. Baba Mdogo na mkewe wananitunza, ila nyumba ina joto na mtaa haunyamazi. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu huwa unaiweka sauti ya juu na nyumba nzima inasikia. Haya ni yetu wawili.

Wiki iliyopita uliniambia Kaka Shabani amerudi nyumbani na pombe ameacha. Ukaniuliza kama nitaongea naye. Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri, Mama. Nisamehe.

Tangu siku ile kuna jambo limenipata, na limeanzia kwenye mchezo. Jumapili mchana huwa naenda kwa Salma, tunayesoma naye kidato cha tatu. Baba yake anauza khanga kwa jumla, na siku hiyo hutuachia stoo ya juu. Tunakaa watano juu ya marobota. Usiogope, hakuna hirizi wala mizimu, ni karatasi, penseli na dadu tu. Salma anasimulia hadithi, na kila mmoja wetu ana mtu wake ndani ya hadithi hiyo. Anakuuliza, "Unafanya nini?" Unajibu, kisha dadu inaamua kama umeweza. Unanijua, darasani sinyooshi mkono hata kama jibu ninalo. Pale huwa naongea.

Mtu wangu ni askari mtakatifu, kijana aliyeapa mbele ya Mungu kuwalinda wanyonge. Askari wa namna hiyo huweza kuanguka, na akianguka anakuwa mbaya kuliko jambazi yeyote. Salma ametunga mmoja anaitwa Zahoro. Zamani alilinda daraja la mahujaji. Siku moja akakichoma moto kijiji alichoapa kukilinda, na sasa amesimama kwenye daraja hilohilo, deraya yake, vazi la chuma la vita, nyeusi kama sufuria ya kuni, hapiti mtu. Mama, sijawahi kusoma kitabu chenye mtu wa kutisha vile, na bado nampenda. Kabla ya kupiga panga anakisema kiapo chake chote, taratibu, bila kuruka neno. Jambazi hajui anachokivunja. Zahoro anajua kila herufi. Juma zima nilikuwa nikimwaza hata kwenye hesabu.

Jumapili hii tukafika darajani. Salma akasema, "Zahoro anawatazama. Ana ndevu za mvi hadi kifuani. Idrisa, wewe ndiye askari, wewe ndiye wa kuanza. Unamwambia nini?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba, nimeiandika kabisa nyuma ya daftari. Yote ikapotea. Nikamwona mzee mbele yangu, mdomoni kikatoka kile ulichonifundisha.

"Shikamoo."

Stoo ikalipuka. Mudi, mcheshi wetu, akaanguka kwenye robota. "Oya! Muuaji huyo! Kachoma kijiji kizima, we' unampa shikamoo? Mletee na chai basi!"

Nilitamani kujifunika khanga. Lakini Salma hakucheka. Alikuwa ameshika dadu tayari. Akaiweka chini.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ya kizee. "Miaka thelathini wanakuja na mapanga tu. Wewe pita, mwanangu. Hawa wengine nitapigana nao."

"Aa, Salma! Sisi tumekosa nini?"

"Hamkuamkia."

"Shikamoo, babu! Shikamoo sana!"

"Umechelewa, Mudi. Chukua dadu."

Zahoro hakutubu, Mama. Alimkata mkono mtu wa Mudi, na mimi nikarudi darajani kupigana naye kwa sababu kiapo changu hakiniruhusu kuwaacha wenzangu. Alianguka akiwa bado mbaya. Hata hivyo aliitikia.

Nikarudi nyumbani kwa kuzunguka Mnazi Mmoja, sikutaka kufika haraka. Kaka Shabani ndiye aliyenifundisha kusoma Kurani. Sauti yake ya adhana mtaa mzima uliijua. Halafu akaanza kulewa, akauza mikeka ya msikiti, nami nikaona aibu mpaka likizo mbili nikawa napitia uani kwa jirani nisikutane naye barazani. Hakumchoma mtu. Muuaji wa karatasi nimemwamkia, ndugu yangu nimemnyima.

Nisalimie Bibi, na Shangazi anayekuletea samaki, na mwalimu wangu wa zamani wa darasa la saba, mwambie kamusi aliyonipa bado ninayo. Mdogo wangu Rehema mwambie asiguse vitabu vyangu, au avisome kwa mikono misafi. Kaka Shabani sijamtaja kwenye salamu hizi kwa makusudi.

Jumamosi saa kumi jioni nitapiga. Tafadhali usiweke sauti ya juu. Mpe yeye simu, kisha utoke uani, hata kama kuna mvua kaa kwenye baraza la jirani. Akikaa kimya usimsukume aongee. Mimi nitasubiri, vocha nimeweka ya kutosha.

Mwanao anayekupenda,
Idrisa