Geti la Kumi na Saba

Chumba namba sita,
Nyumba ya Wazee,
Atherton, Queensland.

14 Juni 2019

Mpwa wangu mpendwa Nerida,

Kwa miaka arobaini na minane nimeanza kila barua yangu kwako kwa kukujulia hali, na kila mara nimejua kuwa salamu hiyo ina kasoro. Leo nageuza utaratibu. Geti lile la ranchi ya Orrell hukuliacha wazi wewe. Nililiacha mimi.

Sasa naweza kukuuliza: hujambo, mwanangu? Goti linavumiliaje baridi ya Hobart? Na mumeo Fergus, bado anabishana na redio? Naomba barua hii iwakute wazima.

Mimi moyo umechoka. Daktari wetu ni kijana mpole. Juzi aliketi kitandani kwangu kabla ya kufungua kinywa, nikajua atakalosema. Sina maumivu. Nakula uji wa shayiri, nasoma kurasa mbili, nalala. Mkono unatetemeka, kwa hiyo univumilie kwa mwandiko huu ambao zamani ningempa mwanafunzi adhabu kwa ajili yake.

Huku kaskazini msimu wa ukavu umeingia. Tangu asubuhi karavani za wastaafu, zile nyumba za kukokotwa na gari, zinapita mbele ya dirisha langu, moja baada ya nyingine, zikielekea pwani ya Ghuba kama sisi mwaka ule. Nikiziona nakuona wewe, una miaka kumi na mmoja, vumbi jekundu hadi kwenye kope.

Unaikumbuka karavani ya baba yako? Gordon aliipaka rangi ya maziwa, na kabla hatujafika Normanton ilikuwa rangi ya tofali. Ndani ilinuka nyama ya kopo na dawa ya nondo. Mdogo wako Kel alilala juu ya meza na kila asubuhi alidai kuwa kitanda chake kimewekewa siagi. Mama yako aliimba akikanda mkate wa majivuni, na nzi waliimba naye.

Wewe ulipanda gari langu, nyuma ya karavani, kwa sababu gari la mwisho ndilo linalofunga mageti. Ulikuwa bawabu wetu. Uliruka chini, ukafungua, baba yako akapita na karavani, nikapita mimi, ukafunga, ukapanda. Sheria uliijua kabla ya kujua sala: geti ulilolikuta limefungwa, lifunge, ulilolikuta wazi, liache wazi. Uliyahesabu kwa chaki kwenye dashibodi yangu. La Orrell, maili mbili kabla ya mto, lilikuwa la kumi na saba.

Lipo jambo ambalo ninyi watoto hamkuambiwa. Mama yako hakunichukua kwa matembezi. Mkuu wa shule alikuwa ameninusa pombe darasani mara mbili, na ya tatu ingekuwa ya mwisho. Merle alinitia garini kama mgonjwa. "Lionel," aliniambia, "wiki tatu bila tone. Ukionja tu, unashukia hapo hapo, hata kama ni mdomoni mwa mamba." Nilimwapia. Dada yangu hakuwa mtu wa mzaha katika mambo hayo.

Jioni ile, mlipokuwa mkifunga turubai kando ya mto, nilisema nakwenda kutafuta kuni. Nilikwenda kwenye baa ya njiani, maili kumi na mbili nyuma. Nilipofika kwenye geti nilifungua mnyororo, nikapita, nikaliacha wazi. Nilijiambia nitarudi upesi. Mtu aliye peke yake garini hushuka mara mbili kwa kila geti, nami kiu ilikuwa imenishika koo.

Upesi ule ukawa muda wa saa tatu nzima. Niliporudi nililikuta geti liko wazi, na katika kichwa changu kilichojaa ramu sheria ikasema kwa sauti ya baba yangu: ulilolikuta wazi, liache wazi. Nikapita. Tena nilipita nikijisifu kwamba hata nikiwa hali ile, adabu ya njia sijaisahau.

Nilitafuna majani ya mkaratusi ili kuua harufu, nikaokota vijiti vitatu, nikaingia kambini. Kel akavitazama. "Mjomba, hizi kuni au za kuchokolea meno?" Mlicheka nyote. Mimi nilicheka zaidi yenu.

Asubuhi Orrell alikuja juu ya farasi. Nakumbuka hakuvua kofia.

"Nani kapita wa mwisho geti la mtoni?"

"Sisi," akasema baba yako. "Binti yangu ndiye anayefunga."

"Basi njoo uone kazi ya binti yako."

Alikuwa ametenga ndama wake wiki ile ile, kuwaachisha kunyonya. Mama zao walikuwa upande wa mtoni, wakiwaita usiku na mchana. Geti lilipokuwa wazi ndama walifuata sauti, wakakatiza kwenye bwawa lililokuwa likikauka, wakazama kwenye tope hadi mgongoni. Tisa. Wanne walikuwa bado hai tulipofika, na Orrell aliwapiga risasi mmoja mmoja. Gordon alikushika bega ili usigeuze uso.

"Nililifunga, Baba," ulisema. "Kweli tena! Muulize Mjomba, alikuwa hapo hapo."

Gordon akanigeukia. "Lionel?"

"Sikuangalia, Gordon," nikasema. "Nilikuwa nawasha kiko."

Ukamwomba Orrell radhi mbele ya kambi nzima, umesimama peku, kwa sababu viatu vyako vilikuwa vimejaa tope. Yule mzee hakukukaripia. Alisema tu, "Siku nyingine, binti, litikise kwanza." Na safari iliyobaki mageti yalifungwa na Kel, mwenye miaka minane.

Baba yako hakuwa mkatili, naomba umtendee haki. Alilelewa kwenye ng'ombe. Kwake geti lilikuwa kipimo cha mtu. Lakini kila Krismasi alikuwa na mzaha wake. Ukiingia tu na bakuli la viazi: "Nerida, geti umelifunga?" Meza nzima inaangua kicheko. Nilikuwepo kwenye Krismasi hizo zote, nami nilicheka pamoja nao, uma mkononi. Nilikuona ukicheka pia, mwaka hadi mwaka, kwa mdomo tu. Ukiwa na miaka kumi na tisa ulihamia mahali pa mbali kuliko pote unapoweza kufika bila kuvuka mpaka wa nchi. Gordon alipofariki ulituma maua.

Mimi ramu niliiacha mwaka uliofuata safari ile, na nikafika hadi kuwa mkuu wa shule. Nilifundisha watoto kwa miaka ishirini na sita kwamba ukweli haumwangushi mtu. Sijui niliwatazamaje.

Kilichonivunja ni jambo dogo. Kel aliniambia kwamba ulipokuja kumzika mama yako, ulirudi mara tatu kutikisa mlango wa gari uliokwisha kuufunga. Alinisimulia kama kichekesho. Safari hii sikuweza kucheka.

Nimemwandikia Kel maneno haya haya, na nimemwagiza ayasome mezani Krismasi hii, watu wote wakiwapo, kabla ya viazi. Nimemwandikia pia binti wa Orrell, ambaye sasa ndiye mwenye ranchi. Sikuombi unisamehe. Uzee usitumike kama kiko, kujifichia nyuma ya moshi wake.

Nisalimie Fergus. Wabusu wajukuu, hasa yule mdogo anayekusanya mawe. Jiwe jekundu lililo kwenye bahasha hii ni lake, limetoka njia ile ile. Mungu akupe usingizi ambao hauinuki kwenda kukagua milango, na kila unayempenda akute kwako pamefunguliwa.

Nimebakiza neno moja, kwa kuwa hili linanitia aibu kuliko ramu. Kiko changu alasiri ile kilikuwa mfukoni, hakina hata tumbaku. Nilikuwa nikikutazama kwenye kioo cha gari, kwa sababu ulikuwa ukiimba na nilipenda kukusikia. Ulizungusha mnyororo mara mbili, ukatia ndoano, ukalitikisa geti kwa mikono yote miwili, ukaninyooshea dole gumba.

Nilikuona, Nerida.

Wako akupendaye tangu ulipozaliwa,

Mjomba Lionel