Shimo la Shupaza

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti lako la kushoto limetulia, na yule mwenye nyumba wako ameziba paa badala ya kukuongezea ahadi. Sisi huku hatujambo. Mimi nina afya kuliko ninavyostahili, kazi ya kufuli inakwenda, na mlango wa kunishinda bado haujachongwa. Juzi nimeletewa kasha la chuma ambalo mafundi watatu wenye vyeti walilikimbia. Mimi cheti sina, shule niliiacha njiani kama unavyojua, lakini vidole hivi vimefika chuo kikuu. Mama naye hajambo. Anavaa ile sweta uliyomtumia, kisha ananiuliza kama ndani ya kifurushi hamkuwa na karatasi yoyote yenye maneno. Kila mara namjibu kwamba hamkuwa na kitu. Hilo nitalirudia.

Kwanza nikupe habari ya kukuchekesha. Yule mume wako wa zamani nimemnyoa bila maji, mchana kweupe, mbele ya ukumbi mzima.

Unajua kwamba tangu akuache watu wanamwita Profesa, sababu ya ule utaratibu wa kupima karata anaofundisha pale klabu ya bridji, ghorofani juu ya duka la baiskeli. Ukutani waliweka ubao, juu yake kwa rangi nyeupe: UTARATIBU WA PROFESA. Chini yake maneno yako, dada. Yako! Mimi niliyatambua siku ya kwanza. Nilikuwepo wakati unayazaa, kila Jumamosi sebuleni kwenu, wanaume wanne wamekaa na karata, mimi pembeni nawachanganyia, wewe unazunguka na birika nyuma ya viti. Wao kila mtu aliona karata zake kumi na tatu. Wewe uliona zote hamsini na mbili, ukaenda jikoni ukaandika kwenye lile daftari la kijani. Halafu huyo bwana, baada ya kupata jina, akawaambia watu kwamba kichwa cha mke wake kilifaa kubeba birika tu. Neno hilo nililimeza kama msumari, na msumari hauyeyuki tumboni.

Miaka miwili nimeingia klabu kila Jumamosi nikisubiri mkono mmoja tu. Mwenzangu mezani ni yule mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa. Anacheza kama anayesubiri uchungu, hana haraka, na hadanganyiki na kelele. Profesa anacheza na daktari wa meno, mtu mpole, anayeomba radhi hata akishinda. Mwezi uliopita tukakutana nao fainali.

Naeleza kirefu kidogo, maana Mama ameagiza nimsomee kabla sijafunga bahasha, na yeye bridji anaiona ni watu wanne kununiana. Haya. Kabla ya kucheza kuna mnada. Huruhusiwi kumwambia mwenzako ulichonacho. Unataja tu aina ya karata na kiwango, naye anasoma humo nguvu yako. Ree ni alama nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja. Karata zote zikijumlishwa ni alama arobaini, haziongezeki hata uzikaripie. Na hakuna siri za wawili: mpinzani akiuliza maana ya alichotaja mtu, mwenzake lazima aeleze.

Ikafika karata ya mwisho, tuko sare. Daktari akafungua kwa shupaza moja, yaani ana shupaza nyingi na alama kama kumi na mbili. Mkunga akasema pasi. Profesa akataja kopa mbili. Mimi nikasema pasi, sauti ya mtu aliyefiwa, ingawa mkononi nilikuwa na ree tatu na kopa tano za kunenepa. Daktari akarudia shupaza, maskini, kama anayesema jamani mimi sina kingine. Profesa akajinyoosha kwenye kiti, akatangaza kopa nne, kwamba wataokota mizunguko kumi kati ya kumi na tatu na kopa ndiyo turufu. Tena akanitazama mimi, akasema kufuli la leo halina tundu la ufunguo.

Mkunga akavua miwani, akamuuliza daktari kwa upole kwamba baba, hizo kopa nne maana yake nini. Daktari akajibu kwamba kwa utaratibu wa Profesa, mwenye kutaja hivyo ana alama kumi na sita au zaidi. Mkunga akashukuru na kurudisha miwani puani.

Dada, nikafanya hesabu, mimi niliyekuwa nakopi hesabu zako. Kumi na sita zake. Kumi na mbili za daktari. Mkononi mwangu kumi na tatu. Jumla arobaini na moja, na mkunga bado hajahesabiwa! Mtu mmoja pale mezani alikuwa anahesabu alama ambazo hazikuchapishwa kiwandani. Nikajua ni nani, na nikajua amezitoa wapi. Hakuwa na shupaza hata moja. Mwenzake analia shupaza, yeye ana shimo, na lile shimo amelipa alama tano kama zawadi ya harusi.

Nikasema dabo. Yaani adhabu maradufu ukishindwa. Akacheka, akaniambia shemeji rudi kwenye misumari yako.

Aliahidi kumi, akaokota saba. Kila alipopeleka kopa nilikuwa nyuma yake nasubiri kama mwenye nyumba siku ya kodi. Shupaza za daktari, maana mwenza wa mchezaji hulaza karata zake wazi, zilikaa mezani zimejipanga vizuri, na yeye hana njia ya kuzifikia. Karata ya mwisho ilipoanguka akamgeukia daktari kwa ukali, kwamba amefungua kwa mkono wa njaa. Daktari akaanza kuomba radhi.

Hapo nikasimama. Nikatoa karatasi mfukoni mwa shati, nikaisoma kwa sauti ninayoitia wateja. Imeandikwa hivi, kwa mkono wako: “Shimo halina thamani mpaka mwenzako akubali aina yako. Likiwa kwenye aina ya mwenzako, punguza, usiongeze. Jumamosi, birika la pili. Mume wangu amehesabu shimo tena. Nimenyamaza.”

Nikampa mkunga karatasi, akaipeleka ubaoni, akasoma mstari kwa mstari, kidole kinatembea: ubao uliishia kwenye shimo, alama tano, na karatasi ikaendelea pale pale. Kisha akauliza kwa sauti ya wodini kama ina maana Profesa miaka yote hii alikuwa mwanafunzi mtoro. Watu walicheka hadi wenye baiskeli chini wakapanda kutazama. Yeye akachukua koti, akavaa mkono mmoja, mwingine ukamshinda, akashuka ngazi hivyo hivyo. Ubao umefutwa. Sasa umeandikwa UTARATIBU WA BIRIKA, na jina lako kamili chini yake. Nimelikagua mwenyewe, herufi hazijaruka.

Ningeishia hapo ningelala vizuri. Lakini siku ya tatu alikuja karakana. Alikuja mnyonge, na kwapani ana daftari lako la kijani. Akaliweka juu ya meza yangu, akasema tuache ya nyuma, nimpe ule ukurasa aubandike, na yeye atanifanya mwenzake mezani, jina langu ubaoni pembeni ya lake. Nikalichukua daftari taratibu kama naliangalia, nikalitia ndani ya kasha la chuma, nikafunga, nikazungusha namba. Nikamwambia namba naijua mimi na Mungu, na Mungu hatamwambia. Alipiga kelele, akapiga teke kasha, akaondoka anachechemea.

Nilicheka peke yangu, dada, kisha kicheko kikanikauka. Maana chambo kilikuwa kilekile. Mwenzake mezani. Maneno yaleyale aliniambia miaka kumi na miwili iliyopita, nilipokuwa naruhusiwa kuchanganya karata tu na kukaa kiti cha mtu akienda msalani. Alisema nikimletea daftari lako nitakaa mbele yake klabuni. Na mimi nilitaka kile kiti kama mtoto anavyotaka filimbi.

Sanduku lako, ulilolihamishia kwa Mama, lilikuwa na kufuli. Mimi ndiye niliyelifungua, kwa waya wa spoku ya baiskeli, dakika moja haikufika, na nikalifunga tena. Ukurasa mmoja nikauchana nikauficha, si kwa ajili yako. Nilitaka niwe na kitu kimoja asichokijua yeye. Nilikaa kile kiti majuma sita, akanifukuza.

Ulikuta kufuli zima, daftari halipo. Ukamtazama mwenye ufunguo wa pili. Ulimwambia Mama ameuza akili yako kwa muuza duka akafungie sabuni, na tangu siku hiyo unamtumia nguo, humtumii neno. Mama hakuuza hata karatasi moja. Nami nilikuwepo mlangoni nimesimama, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu hakukuwa kama kwako.

Jana nilimwambia Mama. Nilidhani atanipiga, nilikuwa tayari, nilivua hata kofia. Akaniambia alijua siku ileile, maana aliona mikwaruzo midogo ya waya kwenye tundu la kufuli, na kazi yangu anaijua. Akasema uliondoka kwa hasira huna mume, huna daftari, na yeye hakuona vema uondoke pia huna ndugu. Basi akakuacha umkasirikie yeye. Kisha akaniambia nitoke, anataka kukunja nguo.

Profesa nimemlipa, na sina deni naye. Aliyebaki kulipwa ni mimi, na kisasi hicho ni chako, sitakuchagulia. Hasira yote uliyomwekea Mama ihamishie kwangu, usipunguze hata alama moja. Anwani ya karakana unaijua.

Daftari limo humu, kamili, ukurasa nimeubandika mahali pake kwa gundi ya mbao. Mkunga anakusalimu, anasema kiti cha mbele yake ni chako siku yoyote, mimi nitabeba birika. Mama anakusalimu sana. Hakutaka niandike maneno yake, ameniomba nitie tu ufunguo wa pili wa sanduku, umefungwa kwenye kitambaa. Tazama meno yake, dada, wewe unajua kutazama vitu. Ni mapya. Haujawahi kuingia kwenye kufuli hata mara moja.

Ndimi mdogo wako,
Fundi Kufuli